Santuri za jazi za ukumbini: tazama ukanda mweusi kabla ya jalada

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wenzetu walioanza kukusanya santuri za jazi, hasa zile zilizorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Hapa Unguja na Pemba si wengi, lakini pesa wanazotoa si haba, na nyingi zinaishia kwenye majalada. Jalada linatangaza muziki wa laivu, lina mpiga saksafoni aliyefumba macho, lina mwaka kwa tarakimu kubwa, mnunuzi kesharidhika. Sahani yenyewe haikutoka hata mfukoni. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye nakshi.

Wenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe hawanunui kasha kwa kutazama mng'aro wake. Hulipindua, wakatazama misumari ya shaba, mti, bawaba na upande wa nyuma ambao fundi hakuutia rangi. Santuri nayo ina upande wake wa nyuma. Ni ule ukanda mweusi mtupu ulio baina ya wimbo wa mwisho na lebo. Hapo ndipo fundi aliyekata sahani ya mwanzo alipochora namba za matriksi, yaani namba za kuitambulisha sahani hiyo, kwa ncha ya chuma, na hapo ndipo kiwanda kilipopiga alama zake. Jalada linaweza kuchapwa upya wakati wowote. Alama za ukanda zilitoka kwenye chuma kilichoichapa sahani hiyo hiyo unayoishika. Iinamishe chini ya mwanga wa pembeni, tochi ya simu inatosha, izungushe polepole na uandike kila unachokiona, hata kile unachodhani ni mkwaruzo tu.

Tuchukue kampuni ya santuri ya Blue Note ya New York, kwa sababu ndiyo inayotafutwa sana na ndiyo inayodanganyiwa watu sana. Tarehe 21 Februari 1954 mpiga dramu Art Blakey na wenzake walirekodiwa katika klabu ya Birdland, fundi wa sauti akiwa Rudy Van Gelder. Muziki huo ulitoka kwanza kwenye santuri tatu za inchi 10, namba 5037, 5038 na 5039, kisha ukapangwa upya kwenye mbili za inchi 12, namba 1521 na 1522. Kwa hiyo anayekuletea ya inchi 12 akaapa kuwa hiyo ndiyo iliyotoka mwanzo kabisa, ama hajui ama anajua mno.

Van Gelder alikuwa akitia herufi zake, RVG, kwenye ule ukanda. Nyengine zina jina lake la ukoo zima. Wengi wakiziona herufi hizo hutoa pesa papo hapo. Subiri kidogo. Blue Note ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, vyuma vya kuchapia vilikuwa bado vizima na viliendelea kutumika, na kila sahani iliyotoka kwenye vyuma hivyo ilibeba RVG vile vile. Kinachotenganisha ni alama nyengine: kiwanda cha Plastylite, kilichochapa santuri za Blue Note hadi 1966, kilikuwa kikiacha alama ndogo kama herufi P ya mkono, wengine huiona kama sikio la mtu. RVG pamoja na sikio, hiyo ni ya kabla ya mabadiliko. RVG bila ya sikio, kwa namba za miaka ya 1950, hiyo ni chapa ya baadaye. Inaweza kulia vizuri sana, na kwa masikio yetu baadhi ya hizo ni nunuzi la akili kuliko za mwanzo, lakini bei zake hazikai mtaa mmoja.

Jambo la pili ni kutofautisha siku ya tamasha na siku ya santuri. Benny Goodman alipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 16 Januari 1938, lakini kampuni ya Columbia iliitoa santuri 1950. Hakuna santuri ya dukani ya tamasha lile yenye umri wa 1938. Thelonious Monk na John Coltrane walipiga pamoja ukumbi huo huo tarehe 29 Novemba 1957. Tepu za usiku ule zilikaa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani bila ya mtu kujua thamani yake mpaka 2005, na mwaka huo ndipo ziliposikika kwa umma. Ukiletewa santuri ya tamasha hilo imeandikwa 1957 na ikaitwa ya mwanzo, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

La tatu linawakera watu wakilisikia mara ya kwanza: si kila santuri ya laivu ni ya laivu mwanzo mwisho. Ile ya Duke Ellington ya tamasha la Newport la Julai 1956 ilikuwa na sehemu kubwa iliyopigwa upya studio siku mbili baadaye, kisha ikatiwa makofi. Paul Gonsalves, mpiga saksafoni wake, katika ule mpigo maarufu wa kuuzunguka wimbo mara 27, alikuwa akipuliza kwenye maikrofoni ya redio ya Voice of America badala ya ile ya Columbia, ndiyo maana kwenye santuri ya 1956 anasikika kama yuko chumba cha pili. Tepu ya redio ilipopatikana, zile mbili zikaunganishwa, na toleo la 1999 likamrudisha mbele. Kwa tamasha la ukumbi wa Massey Hall wa Toronto, 15 Mei 1953, besi ya Charles Mingus haikusikika vizuri, naye akaipiga upya juu ya rekodi kabla ya kampuni yake, Debut, kuitoa. Charlie Parker kwenye jalada hilo anaitwa Charlie Chan kwa sababu ya mkataba wake na kampuni nyengine. Ukiliona jina hilo usidhani umeuziwa bandia. Sasa unataka ipi, yenye kiraka au isiyo na kiraka? Anayekusanya historia anataka yenye kiraka, maana ndiyo waliyoisikia watu wa zama zile. Anayetaka kusikia usiku wenyewe atafute toleo jipya, na atalipa kidogo zaidi. Kosa ni kulipa bei ya moja ukachukua nyengine.

Kisha zipo za magendo. Jazi ya ukumbini ilirushwa sana hewani, na waliokuwa na mashine majumbani waliinasa redioni. Dalili zake ni lebo isiyo na anuani, majina ya wapigaji yaliyokosewa, jalada la rangi moja, na sauti nyembamba isiyo na juu wala chini. Kubwa zaidi ni kasi. Aliyenasa kwa mashine mbovu alituachia muziki uliopanda au kushuka. Weka simu yenye programu ya kupimia sauti za ala karibu na spika, sikiliza piano: ikiwa noti zote zimepanda kwa kiasi kile kile, kasi imekosewa. Nusu toni ni kama asilimia 6. Hata hivyo hatusemi uzitupe. Baadhi ya usiku mkubwa wa jazi umebaki kwa njia hiyo tu. Tunasema ulipe bei ya magendo.

Zipo pia zinazochapwa Ulaya kihalali, kwa kuwa rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zilikwisha kumaliza ulinzi wake huko kabla ya sheria kuongezwa miaka. Nyingi ya hizo hazikutoka kwenye tepu mama. Chanzo chake ni sidii. Uzito wa gramu 180 uliobandikwa kwenye jalada hausemi chochote kuhusu chanzo. Mstari wa misimbo ya bei nyuma ya jalada nao ni shahidi mzuri: majalada ya miaka ya 1950 na 1960 hayakuwa nao.

Ukishajua ni santuri gani, ndipo uulize hali yake. Wauzaji wa nje hutumia herufi: M kwa isiyochezwa, NM kwa inayokaribia, kisha VG+, VG na G. Hiyo G asili yake ni neno la sifa, good, yaani nzuri, lakini kwa vitendo santuri ya G inalia kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Kwa bendi kubwa yenye matarumbeta mengi VG inavumilika. Kwa watu watatu wanaopiga kwa upole klabuni, piano, besi na dramu za brashi, usishuke chini ya VG+, kwa sababu ukimya wao ni sehemu ya muziki.

Na ukipewa nafasi ya kusikiliza dukani, usianze mwanzo wa upande. Sikiliza dakika tatu za mwisho. Sahani inazunguka mara 33⅓ kwa dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini duara linazidi kuwa dogo. Ukingoni, chini ya sindano hupita karibu sentimita 51 za mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo zinabaki kama 21. Sauti ile ile imebanwa katika nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyochakaa inaponyoa mifereji, madhara huonekana huko kwanza: tarumbeta inakwaruza, herufi za s za mtangazaji zinatema mate. Santuri ya studio mara nyingi huwekwa wimbo mpole mwishoni kwa sababu hiyo. Tamasha halina hisani hiyo. Kishindo na makofi viko mwisho. Ile ya Newport, dakika zake 14 za moto ndizo zinazofunga upande wa pili. Pakiwa pazima pale, kwengine kote pazima.

Sasa tuje nyumbani, maana adui wa santuri hapa ni unyevu kuliko sindano. Kuanzia masika kila kitu cha karatasi visiwani kinaota koga, na jalada la santuri ni karatasi, gundi na wino. Vinaili yenyewe koga haili. Inakula vumbi na mafuta ya vidole yaliyoachwa kwenye mifereji, ikasambaza nyuzi zake humo. Masikio yanaweza kutofautisha. Mkwaruzo hurudi kwa mpangilio, tiki moja kila sekunde 1.8, yaani kila mzunguko, huo hauoshwi. Koga ni mchakacho usio na mpangilio, unapanda na kushuka. Huo huosheka.

Kazi hiyo ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni. Usipulize kwa mdomo, utaivuta yote kifuani. Mfuko wa ndani wa zamani utupe, una mbegu za koga, na ukiurudisha umefanya kazi ya bure. Kwa lita moja ya maji ya kuoshea changanya mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za spiriti ya aisopropili ya asilimia 70, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Maji hayo hupatikana kwenye maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa: kwa jina hilo hilo watu huuza na tindikali. Usitumie ya bomba wala ya kisima. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Tazama magamba meupe ndani ya birika lako la chai, kisha fikiria magamba hayo ndani ya mfereji mwembamba kuliko unywele.

Lebo ifunike kwa mfuniko wa plastiki wa sentimita 10 au 11 uliobanwa kwa mkono, wino wake usivuje. Lowesha upande mmoja, uache dakika mbili au tatu, kisha pitisha brashi laini kufuata duara, mizunguko kumi hivi, bila ya kukandamiza. Usikate mifereji kwa kwenda na kurudi. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba. Kanga kuukuu, hata ikiwa laini vipi, inaacha nyuzi. Suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa matupu, kwa sababu sabuni iliyobaki hukauka na sindano huikusanya kama nta. Isimamishe kwenye chanja ya vyombo kivulini, nusu saa hadi saa nzima. Kamwe si juani. Ikishakauka iingie kwenye mfuko mpya.

Hapa kuna hatari inayotutia hofu kuliko zote. Kwenye masanduku ya wazee hukaa pamoja santuri za vinaili na zile nzito za mizunguko 78, ambazo ni za shelaki. Siti binti Saad aliporekodi Bombay 1928, sauti yake ilitoka kwenye sahani za namna hiyo. Shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Mchanganyiko tulioutaja hapo juu, ukiutia kwenye sahani ya 78, unakula mifereji mbele ya macho yako na hakuna dawa ya kuirudisha. Zigonge taratibu kwa ukucha kabla hujaosha: shelaki inalia kama sahani ya udongo, vinaili inatoa sauti butu. Za shelaki zioshwe kwa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni tu, haraka, zikaushwe mara moja. Wala usiziweke chini ya sindano ya kawaida. Sindano ya vinaili ina ncha ya mikroni 18 hivi, mfereji wa 78 unataka ya 75 hivi; ndogo inazama mpaka chini na kusugua takataka.

Katika masanduku hayo utakuta pia santuri ndogo zimeandikwa Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Dar es Salaam Jazz. Neno ni moja, muziki ni mwengine: hizo ni bendi za dansi, magita na saksafoni na maneno ya Kiswahili, na nyingi zilichapwa Nairobi. Mkusanyaji wa jazi ya New York huzisukuma pembeni. Asizisukume mbali. Za Blue Note zimeorodheshwa dunia nzima namba kwa namba. Hizi zetu, chapa moja ikivunjika huenda usiione nyengine.

Kuhifadhi hakutaki makubwa. Zisimame wima kama vitabu, zisilale wala zisiegemee. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote, na santuri 50 na majalada yake hufika kilo 12 au zaidi. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa pole pole, kwa hiyo kabati liwe mbali na ukuta wa nje kwa sentimita 10, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu kwa 15. Hapo utakuwa umewakwepa na mchwa. Mende wanafuata gundi ya jalada. Mifuko ya nje iwe ya polipropilini na mdomo wake uachwe wazi. Ile minene inayonuka kama pazia jipya la bafuni ni ya PVC. Hutoa kitu cha mafuta kinachoigandia sahani na kuacha ukungu mweupe usiotoka kwa maji wala spiriti. Hasara hiyo huonekana baada ya miaka, wakati duka limeshasahauliwa.

Nunua kipima unyevu. Kikisoma chini ya asilimia 60 uko salama, 45 hadi 55 ni raha. Kikikataa kushuka hapo, weka zile za thamani kwenye sanduku la plastiki la lita 50 lenye mfuniko wa kubana, pamoja na gramu 200 hadi 300 za silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ile inayobadilika rangi. Ikishabadilika, iokwe kwenye moto wa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, irudi kazini. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko feni: sahani zimepoa, hewa ya nje yenye maji inaingia, nayo inatua juu yake kama umande. Ama kiwe cha kudumu ama kisiwepo. Na usiache santuri kwenye gari lililofungwa vioo pale Darajani saa saba mchana. Vinaili hupinda hata kabla ya nyuzi 60, na sahani iliyojikunja kama papa mkavu hainyooki kwa kuwekewa vitabu juu.

Kuhusu mashine, tutataja kosa moja linalorudiwa na kila anayeletewa zawadi kutoka Marekani. Umeme wa huko ni volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde; wetu ni 230 na 50. Watu hununua transfoma na kudhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, mapigo haiyagusi. Mota za zamani zinafuata mapigo, kwa hiyo mizunguko 33⅓ inakuwa 27.8. Kibao cha dakika sita kinakwenda dakika saba na sekunde 12, saksafoni inashuka kwa nusu toni tatu, na mwenye mashine anamsifia mpigaji kwa sauti yake nzito. Dawa ni puli ya mota ya mapigo 50. Isipopatikana, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuitengeneza: kipenyo kipya ni cha zamani mara 1.2, yaani ya milimita 10 iwe 12, na kimo na umbo vibaki vile vile. Mashine yenye mota ya umeme wa betri inayotumia adapta haina tatizo hilo. Kabla ya yote geuza mashine usome kibati chake.

Uzito wa sindano upimwe kwa kimizani, usikadiriwe kwa macho. Katriji nyingi, yaani vile vichwa vinavyoshika sindano, zinataka gramu 1.5 hadi 2.5, fuata karatasi yake. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba, ni mbaya kuliko nzito kidogo. Sakafu za juu zilizobebwa na boriti hutikisika mtu akipita, basi mashine ikae kwenye rafu ya ukutani. Ikivuma mfululizo, unganisha ule waya mwembamba wa ardhi kwenye amplifaya kabla hujamwita fundi. Hewa ya chumvi hula vichwa vya waya. Vichomoe na kuvifuta kila baada ya miezi michache.

Anayeagiza kutoka nje amwambie muuzaji aitoe sahani ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, zikabanwe baina ya makadibodi mawili. La sivyo ukingo wa sahani unapasua mshono wa jalada njiani. Na kama una khiari, agiza ifike wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, siyo Februari makontena yanapochemka.

Mwisho, nakala ya kompyuta. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, faili la WAV. Santuri ya dakika 40 itachukua kama gigabaiti 1.4. Kilele cha sauti kiache desibeli 6 chini ya kikomo, maana makofi ya ghafla hupita nguvu ya muziki. Kisha tahadhari na programu za kufuta mikwaruzo zenyewe. Kwao kofi la mkono na mkwaruzo ni kitu kimoja: mlio mfupi, mkali, usio na noti. Ukiiachia programu ikamate yenyewe, itakata makofi na kuyaacha kama mvua kwenye turubali, na matoazi yatabaki bila ya ncha. Futa kwa mkono, tiki moja moja, na sehemu za makofi usiziguse. Mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili walirekodiwa katika klabu ya Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961, na kwenye santuri zile unasikia bilauri zikigongana na wateja wakizungumza. Scott LaFaro, mpiga besi, alifariki siku 11 baadaye. Siku ile ya kurekodi umeme ulikatika wakati wa kibao cha kwanza na kukiharibu. Hata New York. Bilauri zile ziache zilipo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, basi kila santuri iwe na mstari wake: namba ya jalada, namba ya lebo, maandishi ya ukanda wa upande A na B kama yalivyo pamoja na alama zake, hali ya kila upande, siku iliyooshwa, jina la faili. Namba za jalada na za ukanda zisipolingana, andika zote mbili. Ndivyo majalada yaliyobadilishwa yanavyogunduliwa.

Wakusanyaji wa santuri,
Mji Mkongwe, Unguja